Kazi Imefika Wapi?

Katika ofisi za wabunifu, kuanzia studio za matangazo hadi vyumba vya habari, hakuna jibu linalotolewa mara nyingi kama "bado kidogo". Jarida linafungwa Alhamisi, mhariri anauliza kwenye kundi la WhatsApp jalada limefika wapi, msanifu kurasa anamjibu kwa maneno hayo mawili. Hajadanganya, ila hajasema kitu. Kidogo hicho huenda ni rangi ya kichwa cha habari, huenda ni picha ambayo mpigapicha hajaipiga.

"Bado" lenyewe sina ugomvi nalo. Linasema haijafanyika na itafanyika kwa pumzi moja. Kinacholiharibu ni "kidogo". Na "tayari" ni baya zaidi, maana "bado kidogo" angalau humtia mtu wasiwasi. "Tayari" humlaza usingizi. Mwandishi akisema makala iko tayari, ana maana ameshaiandika. Mhariri akisema hivyo, ameshaipitia. Kwa msanifu, imekaa ukurasani. Kwa mchapaji, ni faili ambalo fonti zake zimepachikwa na rangi zake zimegeuzwa kuwa za uchapaji. Ndiyo maana ukifungua kompyuta ya pamoja unakuta jalada_mwisho, jalada_mwisho_2 na jalada_mwisho_kabisa, na lililochapwa ni lile la katikati.

Ningekuwa na mamlaka, "tayari" ningelifukuza kwenye orodha ya kazi kabla hata ya kununua programu ya kupangia kazi. Fani hii ina majina ya hatua zake, nayo yamezoeleka: rasimu, imehaririwa, imesanifiwa, prufu imesomwa, imeidhinishwa. Ukisikia "imehaririwa" unajua nani ametua mzigo na nani aupokee. Hapo ndipo ninapoipenda kanban, mtindo uliotoka kwenye viwanda vya Toyota enzi za Taiichi Ohno, ingawa wengi wetu tunaijua kama safu za kadi kwenye kioo cha kompyuta. Kadi ya kiwandani iliandamana na kasha la vipuri ikiwa imeandikwa ni kipuri gani, ni vingapi, vinatoka wapi, vinakwenda wapi. Kasha likianza kutumiwa, kadi ilirudishwa nyuma kuagiza vingine. Haikuwa na mahali pa kuandika "bado kidogo".

Skramu, mtindo mwingine wa kupanga kazi za timu, imenigawa. Mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika katika Harvard Business Review kwamba kutengeneza bidhaa mpya kwa mtindo wa mbio za kupokezana vijiti, idara moja imalize ndipo nyingine ipokee, kunachelewesha. Afadhali timu isogee pamoja kama wacheza raga. Hoja hiyo naikubali: mchoraji aliyekaa na mwandishi tangu rasimu ya kwanza hashtuki makala inapobadilika. Kinachonishinda ni istilahi zilizofuata, hasa ile ya kukiita kila kipindi cha wiki mbili "mbio fupi". Nani hukimbia mbio fupi mwaka mzima? Sisi tuna ngwe. Mkulima hupimiwa ngwe yake, akiimaliza anatia jembe begani. Na kurasa za michezo zilishaliazima neno zamani, ndipo ligi ikawa na "ngwe ya lala salama". Ngwe ina kipimo, ina mwenyewe, na mpaka wake unaonekana. Ngwe ya mchoraji wiki hii ni vielelezo vitatu vya makala ya bandari, basi. Akiongezewa cha nne, kila mtu anajua kaongezewa.

Kwa kazi zinazosubiri, halmashauri za Tanzania zina "miradi viporo" na soka ina "mechi za viporo". Neno tamu, lakini si kwa kila kinachosubiri. Kiporo ni chakula kilichokwisha kupikwa kikalala. Wazo ambalo hakuna aliyeligusa si kiporo, ni mchele ghalani, nao hauchachi. Tofauti hiyo ni ya maana mno katika kuongoza wabunifu: timu yenye mawazo ishirini ambayo hayajaguswa haijachelewa popote, ila yenye majalada sita yaliyoanzwa yakaachwa ina tatizo, hata kama orodha yake ni fupi zaidi.

(Kuhusu kile kikao kifupi cha asubuhi kinachofanywa watu wakiwa wamesimama, sijui tufanyeje. Kikao ni cha kukaa.)

Halafu dedilaini. Historia yake ni chafu: katika kambi ya mateka ya Andersonville, jimbo la Georgia, mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lilikuwa jina la mstari ambao mfungwa akiuvuka alipigwa risasi. Waandishi wa Kenya wana "makataa", neno lenye makali yake, lisilojadiliwa. Tanzania tunasema "tarehe ya mwisho", na wote tunajua ina dada yake mdogo wiki inayofuata. Nadhani tunayahitaji yote mawili. Siku ambayo mtambo wa kuchapa umeshalipiwa, hayo ni makataa. Kwa mteja ambaye mwenyewe hajaleta picha, tarehe ya mwisho inatosha, ilimradi iandikwe mstari mmoja na tarehe aliyoahidi kuzileta.