Mti wa kinkina: tumshukuru nani?

Katika Kivu watu wengi huita kidonge chochote «kinini». Neno hilo lilitoka mbali. Kinini cha kweli ni dawa ya malaria. Hutolewa katika ganda la mti wa kinkina, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wakati wa Wabelgiji mti huo ulipandwa katika Kivu pia. Basi, ndugu wasomaji, tumshukuru nani kwa dawa hiyo?

Zamani vitabu vingi vilijibu: Bibi wa Chinchón, mke wa liwali wa Peru, aliyeponywa homa kwa ganda hilo, akalileta Ulaya. Munganga Sebastiano Bado aliandika habari hiyo mwaka 1663, na mwaka 1742 Linnaeus akauita mti Cinchona. Lakini bibi huyo hakurudi Ulaya: alikufa njiani, katika Cartagena ya Amerika, mwaka 1641. Tena kitabu cha habari za kila siku za mume wake hakitaji kabisa kuponywa huko.

Mashahidi wa kweli ni wengine. Karibu mwaka 1638 Padri Antonio de la Calancha, Mwaugustino, aliandika juu ya mti wa homa wa Loja, inchi iliyo leo katika Ekwado: ganda lake lilisagwa, unga ukanywewa. Wajezwiti walilipeleka Roma, na Kardinali Juan de Lugo akawagawia maskini. Mwaka 1649 karatasi ya Roma ilieleza kipimo chake na saa ya kulinywa. Mwisho, mwaka 1820, Pelletier na Caventou walitoa kinini katika ganda hilo, huko Paris.

Majina hayo tunayo. Lakini wenyeji waliokaa na miti ile na kuijua, majina yao hayakuandikwa. Mmoja tunamjua: Manuel Incra Mamani, Mwaymara. Yeye ndiye aliyetafuta katika Bolivia mbegu zilizo bora. Bwana wake, Mwingereza Charles Ledger, aliwauzia Waholanzi mwaka 1865, nazo zikajaza mashamba ya Java. Kwa ajili ya mbegu hizo Mamani alifungwa, akapigwa, akafa. Aina ile ya mti iliitwa ledgeriana, kwa jina la bwana.

Haki inataka kila mtu apewe kilicho chake, na sifa ni mali ya mtu pia. Katika vijiji vyetu wako wazee wanaojua miti. Wewe katekista, wewe mseminari wakati wa likizo, waulize: jina la mti ni nini? Ni ganda, jani au mizizi? Kwa ugonjwa gani, kwa kipimo gani? Usiwape wagonjwa dawa isiyopimwa. Ganda linaloponya linaweza kuua pia. Lakini andika, na mzee akikubali, andika kwanza jina lake. Akifa bila kuulizwa, kesho watoto wetu watamshukuru mtu asiyestahili.