Sindano za osteoporosisi (Mbeya na Iringa)

Sindano za osteoporosisi ni dawa zinazoingizwa kwenye mshipa au kuchomwa chini ya ngozi ili mifupa iliyopungua uzito isivunjike kwa urahisi. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huhesabiwa kuwa tiba ya daktari wa hospitali, si dawa ya kununua katika duka la dawa muhimu.

## Wagonjwa

Kama kwingineko, wanaohusika zaidi ni wanawake waliokoma hedhi, wazee, na watu wanaotumia prednisoloni kwa muda mrefu. Mikoa hii ina jambo lake la ziada. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Tenofovira, iliyomo katika kidonge cha ARV cha kila siku, hupunguza kidogo uzito wa mifupa, hasa mwanzoni mwa matumizi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo huupunguza, ingawa sehemu kubwa hurudi baada ya kuiacha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayompa mgonjwa sababu ya kuacha ARV.

Ili kuutambua ugonjwa huu, tangu 1994 Shirika la Afya Duniani linatumia alama ya -2.5 au chini yake katika kipimo cha uzito wa mifupa. Eksirei ya kawaida huonyesha upungufu ukiwa umeshakuwa mkubwa. Kwa hiyo mzee aliyevunjika nyonga kwa kuteleza tu uani huchukuliwa kuwa mgonjwa hata bila kipimo hicho, mradi saratani na sababu nyingine zimeondolewa. Wengine huanzia kwa waganga wa kuunga mifupa na kufika hospitali wamechelewa.

## Aina

Asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka, ilikubaliwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2007. Denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6, ilifuata mwaka 2010. Teriparatidi huchomwa kila siku kwa kalamu maalumu, kwa kawaida isizidi miaka 2. Romosozumabu hutolewa kila mwezi kwa mwaka mmoja, na haifai kwa aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya mwaka uliopita.

## Usalama

### Kabla ya sindano

Hatari nyingi huzuiwa kabla sindano haijafunguliwa. Kwanza ni figo: asidi ya zoledroniki haitolewi uwezo wa figo ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika. Denosumabu haina mpaka huo, lakini kalsiamu ya mwenye figo mbovu inaweza kushuka vibaya mno. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu wagonjwa wa aina hiyo, hasa wanaosafishwa damu. Upungufu wa kalsiamu na vitamini D hurekebishwa kwanza. Maziwa ya Rungwe na usipa wa Ziwa Nyasa, unaoliwa na mifupa yake, ni vyanzo vizuri vya kalsiamu. Jino bovu hung'olewa na kidonda kikapona kabla ya dozi, kwa sababu dawa hizi mbili huweza, kwa nadra, kuozesha mfupa wa taya.

### Dripu ya mwaka

Mgonjwa hunywa maji ya kutosha. Dawa huingia kwa muda usiopungua dakika 15, katika mpira wake peke yake. Haichanganywi na Ringer lactate, dripu iliyozoeleka wodini, kwa kuwa ina kalsiamu. Ndani ya siku 3 za mwanzo wengi hupata homa na maumivu ya mwili, na parasetamoli husaidia. Mgonjwa asipoelezwa mapema, huishia kumeza dawa ya malaria bila kupimwa. Homa ikizidi siku hizo, kipimo cha malaria ni cha lazima.

### Jokofu na kalenda

Denosumabu na teriparatidi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa. Baridi ya Juni mjini Mbeya si badala ya jokofu, na dawa iliyogusa barafu hutupwa. Kalamu ya teriparatidi ikifunguliwa hutumika siku 28 tu. Sindano zake hutupwa katika kisanduku cha usalama.

Kosa baya kuliko yote ni kukatisha denosumabu. Dozi ikichelewa zaidi ya mwezi mmoja, mifupa huanza kulika kwa kasi, na pingili kadhaa za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika kwa pamoja. Anayeacha hupewa dawa nyingine ya kulinda mifupa, mara nyingi asidi ya zoledroniki. Kwa anayeishi mbali na barabara kuu, Chunya au Kilolo, dripu ya mara moja kwa mwaka ndiyo chaguo la busara, figo zikiruhusu.

## Upatikanaji

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea rufaa za Nyanda za Juu Kusini. Bohari ya Dawa ina kanda Mbeya na Iringa. Usajili wa dawa husimamiwa na TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019; madhara huripotiwa kwake kwa fomu ya njano. Asidi ya zoledroniki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017, lakini kwa ajili ya saratani iliyofika kwenye mifupa.