Ratiba na viporo vya Ligi Kuu: Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Ratiba ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara hupangwa kila msimu na Bodi ya Ligi, chombo kinachoendesha mashindano hayo chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Kila timu hukutana na kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini. Tangu msimu wa 2021/22 timu ni 16, kwa hiyo kila moja hucheza michezo 30. Kwa mfumo huo hakuna klabu inayochagua icheze na nani. Kinachogombewa ni siku, saa, uwanja na hali ya mpinzani siku atakapofika: kapumzika au kachoka, ana kikosi kizima au nusu yake imerudi jana usiku kutoka Afrika Kaskazini. Ugomvi huo unajulikana zaidi kupitia Simba na Yanga, lakini gharama yake huonekana vizuri zaidi mikoani, na Iringa ni mahali pazuri pa kuutazama.

Utabiri wa kabla ya msimu

Marekani wana utaratibu ambao mpenzi wa soka wa Tanzania angeuona wa ajabu. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani unaochezwa na vyuo vikuu, timu za daraja la juu ni zaidi ya 130 na kila moja hucheza michezo kama kumi na miwili tu, hivyo nyingi hazikutani kabisa. Shirika la habari la AP lilianza mwaka 1936 kuwapigisha kura waandishi ili kuzipanga timu kwa ubora, na tangu 1950 kura ya kwanza hupigwa kabla hata mchezo mmoja haujachezwa. Vyuo vyenyewe hujitafutia baadhi ya wapinzani miaka kadhaa mbele, na vikubwa huvilipa vidogo vije kufungwa. Mwaka 2007 Michigan, iliyokuwa ya tano kwenye orodha hiyo, iliilipa Appalachian State dola 400,000 kwa ziara ya namna hiyo ikafungwa nyumbani 34-32.

Tanzania haina kura kama hiyo, na haiihitaji, maana msimamo wa ligi ndio unaosema. Utabiri umeachiwa vijiwe, redio na kurasa za magazeti ya michezo mwezi wa nane. Klabu huchagua mpinzani kwa hiari yake katika mechi za kirafiki tu. Simba Day, iliyoanza 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iliyoanza 2019, hujengwa juu ya mgeni mmoja kutoka nje anayelingana na hamu ya mashabiki na uwezo wa mfuko. Thamani ya mechi hizo kama kipimo ni ndogo mno. Agosti 2021 Yanga ilifungwa 2-1 na Zanaco ya Zambia mbele ya watu wake, kisha ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Mwaka uliofuata ilifungwa 2-0 na Vipers ya Uganda. Msimu huo ikatetea ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba iliyoifunga St. George ya Ethiopia 2-0 siku hizohizo ilikosa taji la ligi.

Nyanda za Juu Kusini zimeuaibisha utabiri mara nyingi. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, ikiwa timu ya mji mdogo ambao wengi wa Dar es Salaam walikuwa wakiujua kwa chai na ndizi. Mbeya City ilipanda msimu wa 2013/14 na kumaliza ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi. Novemba 2022 Ihefu ya Mbarali iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Nyanda hizo pia ni mahali ambapo klabu kubwa huja kujiandaa: kabla ya msimu wa 2015/16 Yanga ilipiga kambi Tukuyu kwa sababu ya baridi na mwinuko wake.

Viwango vya CAF na asili ya viporo

Viwango vinavyogusa ratiba ya Tanzania hutoka Cairo. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) huhesabu pointi za misimu mitano. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa huiletea nchi yake pointi 6, aliyefika robo fainali 3. Kwenye Kombe la Shirikisho bingwa hupata 5. Pointi za msimu wa karibuni huzidishwa kwa tano, za ule wa nyuma yake kwa nne, na kuendelea hadi moja. Nchi 12 za juu hupeleka klabu mbili katika kila shindano. Klabu yenye pointi nyingi huwekwa chungu kizuri kwenye droo, na zile za juu kabisa huanzia raundi ya pili ya awali. Kwa maneno mengine, hapa ndipo rekodi ya zamani inapomchagulia mtu mpinzani, kama orodha ya Wamarekani, ila imejengwa kwa matokeo badala ya maoni.

Msimu wa 2018/19 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na TP Mazembe kule Lubumbashi tarehe 13 Aprili 2019. Safari hiyo iliisaidia Tanzania kupata nafasi nne msimu uliofuata, zikaenda kwa Simba, Yanga, Azam na KMC. Nyumbani, michezo ya Simba ya ligi ilikuwa imelundikana. Ligi hiyo ilikuwa na timu 20, maana yake michezo 38, na Yanga iliongoza msimamo kwa muda mrefu kwa sababu ilikuwa imecheza mingi zaidi. Simba ikamaliza viporo vyake, yaani michezo yake iliyoahirishwa, kwa kucheza karibu kila baada ya siku mbili tatu, ikawa bingwa kwa pointi 93 dhidi ya 86 za Yanga.

Lawama za kiporo hutajwa kila msimu kwa namna moja: kwamba mkubwa anapewa muda wa kupumzika na kujua hesabu ya wenzake kabla ya kucheza. Lawama hiyo ina ukweli, lakini nusu tu. Kikosi kinachocheza mara tatu kwa wiki huumia, na pointi za CAF hunufaisha pia klabu ambazo hazikusafiri, kama KMC mwaka 2019. Hoja yenye nguvu zaidi husikika mara chache. Kiporo kina wenyewe wawili, na wa pili hakuomba. Timu ya mkoani iliyopangiwa Simba mwezi Desemba hukaa bila mchezo wiki hiyo, kisha huletewa mpinzani yuleyule Machi au Aprili akiwa na wachezaji wa dirisha dogo la usajili ambao Desemba hawakuwepo. Mchezo huo huingizwa katikati ya wiki, saa kumi jioni, siku ya kazi, na Iringa na Mbeya ni mikoa ambayo masika yake yanaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Anayeujua uwanja wa Sokoine wa Mbeya kwenye mvua anajua tofauti ya mchezo wa Oktoba na wa Machi.

Lipuli na uwanja wa Samora

Iringa iko kama kilomita 500 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Tanzam, kupita Mikumi na kupanda Kitonga, na mji umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Timu yake kubwa, Lipuli, yenye jina la utani la Wanapaluhengo, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 baada ya miaka mingi, ikipanda pamoja na Singida United na jirani yake Njombe Mji. Njombe Mji ilishuka baada ya msimu mmoja. Lipuli ilidumu mitatu, na kwa sehemu ya muda huo, chini ya kocha Selemani Matola, haikuwa timu ya kuhesabiwa pointi kabla ya kufika.

Samora, uwanja unaomilikiwa na Chama cha Mapinduzi kama vilivyo vingi vya mikoani, ndio uliokuwa mtaji wake. Machi 2019 Yanga ilifungwa pale 1-0 katika ligi, na Mei ikarudi kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ikafungwa 2-0. Fainali ilichezwa uwanja wa Ilulu, Lindi, tarehe 1 Juni 2019, na Azam wakashinda 1-0 kwa bao la Obrey Chirwa. Bingwa wa kombe hilo ndiye anayekwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Bao moja, basi, ndilo lililoitenganisha Iringa na soka la bara zima.

Uwanja wa namna hiyo una thamani nyingine. Klabu ya mkoani isiyo na mdhamini mkubwa huitegemea mechi ya Simba na ya Yanga kwa mapato ya mlangoni kuliko michezo mingine yote ya nyumbani. Kuihamishia katikati ya wiki ni kupunguza watu wa Mafinga, Ilula na Kilolo ambao wangekuja Jumamosi. Kuna klabu zilizolitatua jambo hilo kwa kuuhamisha mchezo wenyewe. Msimu wa 2018/19 African Lyon ya Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Yanga jijini Arusha, mahali ambapo watu wangelipa. Mwenye njaa ana haki ya kutafuta chakula, lakini timu inayouza uwanja wake wa nyumbani imeuza pia faida yake ya kimchezo, na wapinzani wengine wanaogombea kutoshuka wana sababu ya kulalamika.

Saa, tarehe na nguvu

Tofauti ya uzito kati ya klabu huonekana zaidi pale mchezo unapokwama. Tarehe 8 Mei 2021 dabi ya Kariakoo, ya Simba na Yanga, ilisogezwa siku ileile kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga ilifika saa 11 ikishikilia kanuni inayotaka taarifa ya saa 24 kabla, ikaondoka. Simba ikaja baadaye. Mchezo uliahirishwa, ukachezwa tarehe 3 Julai na Yanga ikashinda 1-0. Tarehe 8 Machi 2025 ikawa zamu ya Simba: ilisema imezuiwa kufanya mazoezi ya mwisho uwanja wa Benjamin Mkapa, haki ambayo kanuni humpa mgeni, na kutangaza kwamba haitacheza. Bodi ikaahirisha. Yanga ilikwenda uwanjani ikadai pointi, ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), ambayo iliielekeza imalize kwanza ngazi za ndani. Mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni 2025, ukiwa wa mwisho wa msimu na wa kuamua bingwa. Yanga ilishinda 2-0.

Katika visa vyote viwili hakuna aliyepoteza pointi kwa kutocheza. Timu ya mkoani isiyofika uwanjani hutarajia adhabu ya kanuni, wala haina wakili wa kuipeleka CAS, Uswisi. Hilo ndilo linalowaumiza watu wa mikoani zaidi ya kiporo chenyewe.

Msimu wa 2019/20 ulionyesha upande mwingine wa nguvu hiyo. Ligi ilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Serikali iliporuhusu michezo, ilitangaza kwanza kwamba Ligi Kuu yote itamalizikia Dar es Salaam na madaraja ya chini Mwanza. Kwa klabu kama Lipuli au Mbeya City maana yake ilikuwa kumaliza vita vya kutoshuka bila nyumbani. Uamuzi ulibadilishwa, michezo ikarudi kwenye utaratibu wa nyumbani na ugenini, na ligi ikaendelea katikati ya Juni. Simba ilitawazwa bingwa Mbeya, tarehe 28 Juni, kwa sare ya 0-0 na Tanzania Prisons uwanja wa Sokoine. Lipuli ilishuka pamoja na Singida United, Ndanda na Alliance.

Kupanga michezo ya mwisho ichezwe saa ileile viwanja vyote ni dawa ya zamani ya hila, na haitoshi peke yake. Mwaka 2016, katika kundi la tatu la Daraja la Kwanza, Geita Gold ilishinda 8-0 na Polisi Tabora 7-0 zikigombea tofauti ya mabao. TFF ilizishusha timu nne zilizohusika kwa kupanga matokeo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza.

Baada ya Lipuli

Ramani ya kanda imebadilika tangu hapo. Ihefu ilihamishiwa Singida mwaka 2024 na sasa ni Singida Black Stars, kwa hiyo Mbarali, iliyoizima Yanga mara mbili, imebaki na kumbukumbu. Ken Gold ya Chunya ilipanda msimu wa 2024/25 na kushuka msimu huohuo. Mbeya City, iliyoshuka 2023, ilirudi kwa msimu wa 2025/26 kuungana na Prisons. Iringa inawakilishwa katika Ligi Kuu ya Wanawake na Ceasiaa Queens, ambayo hukumbana na matatizo yaleyale ya safari na tarehe kwa bajeti ndogo zaidi na kwa waandishi wachache wa kuyasimulia.

Dawa inayotajwa mara nyingi, kupunguza michuano ya kimataifa au kuinyima Simba na Yanga muda wa kupumzika, ni mbaya, kwani ingeua pointi zinazoipa nchi nafasi nne. Inayowezekana ni nyepesi: kila mchezo unaoahirishwa utangaziwe tarehe mpya ndani ya siku chache na isibadilike tena; kiporo cha uwanja wa mkoani kiwekwe mwisho wa wiki kwanza, katikati ya wiki iwe akiba; na klabu iliyosafiri kwa ajili ya taifa isichezeshe katika kiporo mchezaji ambaye hakuwa amesajiliwa tarehe ya awali. Hilo la mwisho litapingwa Kariakoo, na kwa sababu hiyohiyo ndilo la kuanza nalo.