Chuo Kilichobaki Kibaoni

Kibao hiki cha jimbo kina mistari michache tu, na anayepita na gari hawezi kuimaliza. Chuo kinachotajwa hapo, Black Mountain College, hakikuwa hapa barabarani. Kilianzia ng'ambo ya bonde, katika majengo ya kupanga, kisha mwaka 1941 kikahamia kando ya Ziwa Eden, nje kidogo ya mji huu wa Black Mountain, North Carolina.

Kilianzishwa mwaka 1933 na John Andrew Rice na wenzake, baada ya Rice kufukuzwa kazi katika chuo kimoja huko Florida. Mwaka huohuo shule ya sanaa ya Bauhaus ilifungwa Ujerumani, na Josef na Anni Albers wa shule hiyo wakaja kufundisha hapa: Josef rangi na uchoraji, mkewe ufumaji. Wanafunzi walilima, wakaosha vyombo, wakajenga na madarasa. Mwaka 1944 chuo kilimpokea Alma Stone Williams, mwanamuziki Mweusi, huku kote Kusini mwa Marekani shule zikitenga watu kwa rangi.

Kiangazi cha 1948 mbunifu Buckminster Fuller alijaribu kusimamisha kuba la vipande vyembamba vya mapazia ya dirishani. Halikuinuka. Lilibaki limelala nyasini kama wavu wa mvuvi, na watu wakalitania kwa jina hilohilo la kulala. Mwaka uliofuata alirudi na jingine, nalo likasimama.

Fedha, ambazo hazikuwahi kutosha, ziliisha kabisa. Masomo yalikoma mwaka 1956. Jengo refu walilolijenga wanafunzi bado liko kando ya ziwa, ndani ya kambi ya wavulana.