Zege si uji

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kukiri kosa. Kwa miaka mingi nimekaa mbele ya kipaza sauti nikiwaasa watu kwamba haraka haraka haina baraka, lakini mwaka jana, Jumamosi moja, nilifanya haraka iliyokaribia kuleta msiba nyumbani kwa mama yangu mzazi, huko Bagamoyo.

Mama alihitaji mahali pa kuweka tangi la maji la lita 1,000. Nikaamua kumjengea jukwaa dogo la zege juu ya nguzo nne za matofali. Fundi alitaja bei yake, nami nikaiona kubwa. Nikajiambia, kwani zege ni nini? Si saruji, mchanga, kokoto na maji? Nikanunua mifuko miwili ya saruji na nondo, nikaita vijana wawili wa jirani, tukashika mabeleshi.

Kufika saa sita jua lilikuwa kali na mikono imechoka. Kijana mmoja akasema, "Bosi, ongeza maji kidogo, litalainika." Nikaongeza. Baada ya muda akasema tena, nikaongeza tena. Zege likawa kama uji wa mgonjwa, tukalimwaga likajisambaza lenyewe ndani ya mbao, nasi tukapongezana kwa kazi nyepesi. Siku ya nne nikang'oa mbao, nikarudi Dar es Salaam. Mama akajaza tangi.

Wiki haikuisha. Jioni moja jukwaa lilikatika katikati, na tani nzima ya maji ikashuka chini. Wajukuu wake wawili walikuwa wakioga pale pale, na walikuwa wameitwa kula muda mfupi tu kabla. Mama aliponipigia simu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, babu yako alichoma chokaa maisha yake yote, na hakuangusha kitu juu ya mtoto wa mtu."

Maneno hayo yaliniuma. Nilipokwenda kutazama uharibifu, nikapitia pia Kaole, kilomita chache tu kutoka mjini, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Msikiti mkongwe wa pale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Paa halipo tena, lakini kuta zingali zimesimama, mawe ya matumbawe yameshikana kwa chokaa. Nikaugusa ule udongo mweupe kati ya jiwe na jiwe. Haukumeng'enyeka. Nikakumbuka jukwaa langu lililoishi siku tisa, nikaona aibu.

Tujiulize basi, wazee wale walijua nini?

Walichukua mawe ya matumbawe, wakapanga rundo la magogo, wakayaweka mawe juu yake, wakawasha moto. Jiwe la chokaa likipata joto la nyuzi kama 900 hutoa hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake, likabaki chokaa kali. Chokaa hiyo ikinyeshewa maji huchemka na kuwa unga laini. Hapo kijana wa leo angekimbilia kujenga. Wao waliifunika, wakaiacha itulie, mara nyingine kwa miezi. Na hata ikishawekwa ukutani, chokaa hushika polepole, kwa kuirudisha ndani yake ile hewa iliyofukuzwa na moto. Huwezi kuiharakisha. Mjenzi wa chokaa hufundishwa subira na kazi yenyewe.

Kwa chokaa hiyo hiyo watu wa Kilwa Kisiwani waliupanua Msikiti wao Mkuu na kuujengea makuba, na katika karne ya 14 sultani wao al-Hasan bin Sulaiman akajenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Tena walijua mipaka yao. Ukiingia katika nyumba nyingi za mawe za pwani yetu utaona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu ni paa. Lilikuwa zito, la mawe na chokaa, likabebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka nafasi pana. Chumba kilifuata urefu wa boriti, wala boriti haikulazimishwa kufuata tamaa ya mwenye nyumba.

Hawakuwa peke yao duniani. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, wakapata zege linaloshika hata ndani ya maji. Kuba la jengo lao la Pantheon, mjini Roma, lenye upana wa mita 43 na lisilo na nondo hata moja, limesimama tangu karne ya 2. Mwandishi wao Vitruvius, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika vipimo vya kuchanganya mchanga na chokaa, akaonya pia kwamba mchanga wa baharini hukauka kwa shida na chumvi yake huharibu plasta. Leo tunajua zaidi ya hapo, kwamba chumvi hiyo huozesha nondo. Lakini pwani yetu bado wapo wanaochota mchanga ufukweni kwa kuwa ni wa bure.

Saruji tuijuayo sisi ni ya juzi tu. Mwaka 1756 Mwingereza John Smeaton, akitafuta kitu cha kujengea mnara wa taa wa Eddystone katikati ya mawimbi, aligundua kwamba mawe ya chokaa yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hutoa chokaa inayoshika majini. Mwaka 1824 fundi uashi wa Leeds, Joseph Aspdin, akapata hataza ya unga aliouita Portland, kwa kuufananisha na jiwe la huko kwao. Kwetu Tanzania, kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, na mfuko wa saruji ukawa kitu cha kawaida katika duka la mtaani.

Hapo ndipo tulipopotea njia, ndugu zangu. Saruji ilituletea haraka, tukadhani haraka ndiyo nguvu. Tukaiona inakuwa ngumu kwa saa chache, tukasema imekauka. La hasha! Saruji haikauki, inashika. Inashika kwa kula maji, na maji inayohitaji kwa kazi hiyo ni kama robo tu ya uzito wake. Mengine tunayoongeza ni ya kutulainishia kazi sisi. Hayo ya ziada yasipopata kazi huondoka, na kila yalipotoka huacha kitundu kisichoonekana kwa macho. Mwaka 1918 mtafiti Duff Abrams, huko Chicago, baada ya majaribio mengi sana, alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, nguvu inashuka.

Fundi yule niliyemkimbia kwa sababu ya bei alikuja kutazama kifusi. Akaokota pande, akalisugua kwa kidole gumba, likatoa vumbi. Akasema, "Bwana Mtangazaji, nondo hazina kosa. Zege lako umelinywesha."

Safari ya pili nilimlipa, nami nikawa kibarua wake. Alitengeneza kisanduku cha kupimia: saruji kimoja, mchanga wa mtoni viwili, kokoto vinne. Tulichanganya vikavu kwanza mpaka rangi ikawa moja. Maji aliyapima kwa ndoo ya lita 20, na kwa mfuko wa kilo 50 hakuruhusu yapite ndoo moja na robo. Beleshi zilikuwa nzito kweli kweli. Nililalamika, akanyamaza. Tulipomwaga, alilishindilia kwa ncha ya nondo ili hewa itoke, kisha akalifunika kwa magunia mabichi.

Kazi iliyobaki akaikabidhi kwa mama. Kila asubuhi na jioni, kwa siku saba, bibi huyo wa miaka zaidi ya sabini alimwagilia magunia yale kama anayemwagilia mchicha, kwa maana zege changa likikosa maji juu yake huacha kushika kabla ya wakati. Yaani maji yale yale yanayoliua wakati wa kuchanganya ndiyo yanayolilea baada ya kumwagwa. Mbao na mihimili hazikuguswa mpaka siku ya 28, ambayo ndiyo siku wahandisi hupimia nguvu ya zege. Ndipo tangi likapandishwa.

Mwezi uliopita nilikuta wajukuu wanaoga tena pale chini. Nilisimama nikatazama juu kwa muda. Mama akaniona, akacheka, akasema, "Usiogope, baba. Hili nimelilea mwenyewe."

Ndugu msikilizaji, tukutane tena juma lijalo.