Namba ya mzigo: 15, 20, 1024

Leo tuzungumzie namba ambazo kompyuta zetu hugawa mchana na usiku bila sisi kuziona, na jinsi zilivyonitia aibu Kangemi.

Kama uliwahi kununua vitu katika supamaketi za katikati ya Nairobi miaka ile, utaratibu unaujua. Mlangoni unaacha mfuko wako, mhudumu anakupa kibao chenye namba, tuseme 7. Kibao si mfuko. Hakina maana popote isipokuwa kwenye kaunta ile ile. Vibao vikiisha unasubiri nje, hata kama ndani kweupe.

Kerneli, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosimamia mashine, hufanya hivyo hivyo. Programu ikiomba kufungua faili, haipewi faili; inapewa namba, na daima ni ile ndogo kuliko zote zilizo wazi. Kwa desturi 0 ni ya kusomea, 1 ya kuandikia na 2 ya kutolea makosa. Ndiyo maana faili yako ya kwanza mara nyingi huwa 3.

Mambo haya yanatoka Bell Labs, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix mwaka 1969. Katika toleo la sita, la 1975, programu moja iliruhusiwa kushika namba 15 tu, na mashine nzima faili 100. Toleo la saba, 1979, likapandisha hadi 20. Usicheke! Kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilihesabiwa kwa kilobaiti, na kila nafasi katika jedwali ilikula sehemu yake hata ikiwa tupu. Linus Torvalds alipotoa Linux 0.01 mwezi wa Septemba 1991, ndani yake mlikuwa na 20 ile ile.

Uzuri wa namba hizi ni kwamba hazijali kilicho nyuma yake. Mabomba ya kuunganisha programu na programu yalipoingia Unix mwaka 1973, yalipewa namba. Soketi za mtandao zilipokuja na 4.2BSD mwaka 1983, nazo namba. Modemu, namba. Kaunta moja, mizigo ya kila aina.

Ila 4.2BSD hiyo hiyo ilileta ombi liitwalo select, la kuuliza ni mzigo upi una habari mpya, na kwenye Linux select kwa kawaida huishia namba 1024. Mwaka 1999 Dan Kegel akauliza seva moja itahudumiaje wateja 10,000 kwa mpigo. Kwa Linux jibu lilikuwa epoll, iliyofika kwa wengi na kerneli 2.6 mwezi wa Desemba 2003: kerneli haipitii tena orodha nzima, inakutajia walio tayari tu. Hata hivyo 1024 haikuhama. Andika ulimit -n kwenye Linux yako leo, uwezekano ni mkubwa utaikuta.

Mimi niliikuta Januari 2012. M-Pesa ilikuwa na miaka karibu mitano, na wengi wetu tulikuwa tunachomeka modemu kwenye kompyuta, tunasoma SMS za malipo na kuziingiza kwenye daftari. Nilikuwa nimeandikia shule moja ndogo ya Kangemi programu kama hiyo, kwa lugha ya C (ujana!). Kila dakika ilifungua faili ya matukio, ikaiuliza modemu kama kuna ujumbe. Modemu isipojibu, programu ilirudi mwanzo. Bila kufunga faili. Mteja ameenda nyumbani na kibao mfukoni.

Likizo nzima ya Desemba vibao vilipotea kimoja kimoja. Shule ilipofunguliwa vilikuwa vimekwisha. Programu haikuanguka, hiyo ingekuwa nafuu. Ilinyimwa namba, ikalala dakika moja, ikajaribu tena. Pesa za wazazi zilifika kwenye laini, lakini kwenye daftari la karo hakuna aliyelipa, na amri ilikuwa asiyelipa asiingie.

Karani wa karo alinipigia nikiwa Luthuli Avenue. "Kijana wangu, watoto wako nje." Nikapanda matatu, tukakwama Westlands, nikafika saa nne na nusu. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye ua, mabegi mgongoni, wengine wamekalia mawe.

Niliandika lsof. Namba 3 ilikuwa modemu. Kuanzia 4 hadi 1023, mstari baada ya mstari, ni ile ile faili ya matukio. Nilizima programu na kuiwasha, kwa sababu programu ikifa kerneli hukusanya vibao vyake vyote yenyewe. Malipo yakaanza kumiminika kwenye daftari. Kurekebisha kosa lenyewe kulihitaji mstari mmoja.

"Kwa hiyo pesa zilikuwa humu wakati wote?" karani akauliza.

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

Hakunijibu. Alichapisha orodha, akanipa nusu, tukaenda langoni tukaanza kuita majina.