Gari la polisi lisilo na alama: usalama wa dereva anaposimamishwa

Gari la polisi lisilo na alama ni gari ambalo kwa nje halitofautiani na la kiraia: halina rangi wala maandishi ya jeshi la polisi, lakini vimulimuli vimefichwa ndani yake na king'ora kipo tayari. Polisi hulitumia kwa sababu inayoeleweka. Dereva anayekimbiza gari hupunguza mwendo akiona gari la trafiki na kuongeza mara linapopotea machoni, hivyo ni vigumu kumnasa waziwazi. Lakini kificho hichohicho humpa mhalifu mwanya wa kujifanya askari. Ushauri uliozoeleka ni kwamba dereva amkague anayemsimamisha: atazame kitambulisho, sare na taa. Ushauri huo hautoshi. Alama anazobeba mtu mwenyewe ni ushahidi dhaifu. Kinachomlinda dereva ni uthibitisho kutoka kwa mtu wa tatu, na wajibu wa kuuwezesha ni wa polisi kabla ya kuwa wa dereva.

Historia ya uhalifu inaunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1974 katika jimbo la Utah, Marekani, Ted Bundy alimshawishi mwanamke apande gari lake kwa kujiita askari na kumwonyesha beji. Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen kuukuu, na mwanamke huyo aliponea chupuchupu. Miaka michache baadaye Kenneth Bianchi na Angelo Buono walitumia beji za bandia kunasa wanawake mjini Los Angeles. Mtu anaweza kusema hizo zilikuwa hila hafifu ambazo jicho makini lingezigundua. Basi atazame Nova Scotia, Kanada, Aprili 2020: Gabriel Wortman alinunua gari la polisi lililostaafishwa, akalibandika nembo kamili, akavaa sare na kuua watu 22 kwa siku mbili. Mkanganyiko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba polisi wawili waliwafyatulia risasi watu waliokuwa nje ya kituo cha zimamoto cha Onslow, mmoja wao askari mwenzao, wakidhani wamempata muuaji. Ikiwa polisi wenyewe hawakuweza kutofautisha, raia aliyepigwa na taa usoni usiku atatofautishaje?

Zaidi ya hayo, alama zinaweza kuwa halisi na hatari ikabaki palepale. Mwaka 1986 karibu na San Diego, Craig Peyer, askari wa barabara kuu wa California, alimsimamisha mwanafunzi akiwa kazini, katika sare yake na gari lenye alama zote, kisha akamuua. Machi 2021 jijini London, Wayne Couzens alimkamata mwanamke aliyekuwa akitembea kwenda nyumbani kwa kisingizio cha masharti ya korona, akamtia pingu na kumpakia kwenye gari la kukodi, kisha akamuua. Kitambulisho chake kilikuwa cha kweli, maana alikuwa askari wa jiji hilo.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani mwingine anajua kwamba dereva huyu amesimamishwa hapa. Aliyeona vimulimuli nyuma ya gari asilolitambua huwasha taa za hazadi, hupunguza mwendo na kuelekea penye mwanga na watu, kama vile kituo cha mafuta. Wakati huo hupiga simu ya dharura (911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, 112 katika nchi nyingi za Ulaya na Tanzania), hutaja mahali alipo na kuuliza kama kuna askari anayemsimamisha. Akishasimama, hubaki ndani, milango ikiwa imefungwa na kioo kimeshushwa kidogo. Uingereza sheria inampa ngao ya ziada: kifungu cha 163 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988 humlazimu dereva kusimama kwa amri ya askari aliyevaa sare, hivyo askari kanzu hana mamlaka hayo chini ya kifungu hicho. Baada ya kesi ya Couzens, polisi wa London walianzisha utaratibu wa askari kanzu aliye peke yake kupiga simu ya video kwa sajini wa chumba cha mawasiliano ili amthibitishe.

Pingamizi kubwa ni kwamba kuchelewa kusimama huonekana kama kukimbia. Halipuuziki. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, Julai 2020, mwanamke mjamzito alipunguza mwendo na kuwasha hazadi akitafuta pa kusimama salama. Askari aliligonga gari lake kwa makusudi likapinduka. Hata hivyo, mwongozo wa madereva wa jimbo hilohilo ulishauri karibu yale aliyoyafanya. Alifungua kesi, ikaisha kwa maelewano, na polisi wa jimbo wakabadilisha kanuni zao. Kosa lilikuwa la askari ambaye hakufundishwa kuzisoma ishara ambazo raia amefundishwa kuzitoa. Kufunga milango nako kuna mpaka: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1977 katika kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms, askari aliyemsimamisha dereva kihalali anaweza kumwamuru ashuke. Dereva wa Marekani hana budi pia kuweka mikono juu ya usukani na kutamka kwanza kwamba anachukua simu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya: itakuwaje mtu wa tatu naye akikana? Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Hata hivyo, baada ya maandamano ya Juni 2024 watu walichukuliwa na wanaume waliofunika nyuso, wakapakiwa kwenye magari yasiyo na alama, na kufikia Desemba tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Watu watatu walipotoweka katika mji wa Kitengela mwezi Agosti, polisi walikana kuwashikilia, na kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau amri ya kufika mahakamani, hukumu iliyoondolewa baadaye alipojitokeza. Hapo simu ya dharura haina kazi. Mtu wa tatu anayebaki ni umma: wapita njia wanaosikia jina likitajwa kwa sauti na kurekodi video, ndugu wanaojua njia iliyopitwa, na wakili anayewahi mahakamani.